Sentimita Tano

Dirisha namba tatu la Mfuko wa Matibabu wa kiwanda lina kioo chenye tundu dogo chini, na anayetaka kusikilizwa sharti ainame. Siku hiyo aliyeinama alikuwa Fundi Jicho, fundi wa nguo za kike. Aliyekaa ndani, kwenye kiti cha kuzunguka, alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, katibu wa mfuko na mshika mhuri.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Fomu yako hii hapa. Imerudi."

"Imerudi tena?"

Wifi aliigonga karatasi kwa kalamu. "Kilo themanini na tano. Urefu sentimita mia moja na sitini. Ukipiga hesabu ya uzito kwa urefu inakuja thelathini na tatu. Kanuni inataka thelathini na tano. Sasa mimi nifanyeje? Kwa upasuaji huu, unene wako hautoshi."

Jambo hilo lingeweza kusemwa kwa sauti ya chini. Yeye alilisema kwa sauti ya mtu anayeita watu chakulani, na foleni nzima ikasikia. Mtu mmoja nyuma akaguna. Wifi alipoona ana wasikilizaji, akaongeza chumvi: "Nenda kaongeze kilo tano, ndipo urudi. Si kazi ngumu kwako, tunakujua."

Watu wakaangua kicheko. Hata mama mfagizi wa kiwanda, mwenye sukari kama fundi, alicheka, halafu akaona haya na kujidai anatafuta kitu mkobani. Mume wa fundi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mkewe, kofia mkononi. Yeye ni msimamizi wa ghala pale pale kiwandani, na ndiye mwanachama wa mfuko. Mkewe anatibiwa kwa jina lake. Hakucheka. Lakini hakufungua mdomo pia, na fundi aliupima ukimya huo kama anavyopima kitambaa, akaujua ni wa mita ngapi.

"Halafu," wifi akasema, akiinuka ili kila mtu amwone kiuno, "mimi sukari yangu niliishinda bila kisu. Maji ya ndimu asubuhi na mdomo uliofungwa. Miezi saba tu. Nyinyi mnataka kukatwa matumbo kwa sababu hamtaki kujinyima."

Ni kweli kiuno kilikuwa kimepungua. Kila mwisho wa mwezi aliwakusanya wanawake wa kiwandani kwenye ukumbi wa chakula kuwafundisha, wakampa jina la Mama Ndimu, naye akalipenda.

*

Fundi Jicho hakupewa jina lake bure. Zamani angemtazama mwanamke akipita barabarani na kumwambia nyonga yake bila kushika utepe, na asikosee hata kidole. Sasa alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake sebuleni, uzi mkononi, akilitafuta tundu la sindano. Alilamba uzi, akasogeza taa, akasogeza shingo. Mara ya tisa akautupa uzi sakafuni.

"Nipe nikutungie," mume akasema.

"Ungenisemea pale dirishani. Sindano naiweza mwenyewe."

"Mama watoto, yule ndiye aliyenilea. Ada ya shule alilipa yeye. Hata ghala lile kaniombea yeye. Nimwambie nini mbele za watu?"

"Ungemwambia basi inatosha. Neno moja tu, bwana wewe."

Mume akaitazama kofia yake. Si mtu mbaya, msimwonee. Ni mtu aliyezoea kumwogopa dada yake tangu akiwa na kaptula, na woga wa namna hiyo hautoki kwa sababu mtu ameota mvi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Fundi alikuwa na sukari mwaka wa tisa. Vidonge vilimshinda, akapandishwa kwenye sindano za insulini mara mbili kwa siku, na bado vipimo vilikuwa juu. Daktari alimweleza waziwazi: upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula huwa unatuliza sukari, hata kwa mtu ambaye si mnene sana, na kwa hali ya macho yake kila mwezi una thamani. Macho yakienda, na cherehani imekwenda. Fundi hakuwa akigombania umbo. Alikuwa akigombania tundu la sindano.

"Alisema kilo tano," mume akasema.

"Alikuwa ananicheka."

"Kanuni ni kanuni hata ikisemwa kwa kucheka. Wewe una themanini na tano. Ukifika tisini, atakataa nini?"

Hapo ndipo watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, walipofanya ujinga. Kesho yake mume alirudi na mikate mitatu, soda kreti nzima na mfuko wa viazi vya kukaanga. Alivipanga mezani kwa fahari ya mtu aliyepata njia ya kumsaidia mkewe bila kugombana na dada yake. Fundi alikula. Alikula asubuhi, akala mchana akiwa na mkasi mkononi, akala jioni mume akimhesabia matonge na kumbembeleza kama mtoto. Alikula huku akimwona wifi yake kwenye kile kiti cha kuzunguka. Kila tonge alilimeza kwa ajili yake.

Wiki ya tatu alipanda kwenye mizani ya duka la dawa. Themanini na nne.

"Imeharibika hii," mume akasema, akaipiga teke.

Haikuharibika. Sukari ikishapanda kupita kiasi mwili huukana mlo wenyewe, unakula na unakonda. Siku mbili baadaye fundi alikuwa akishona kola mguu ulipoganda juu ya pedali. Chumba kilizunguka, cherehani ikaendelea kwenda, na sindano ikapita kwenye kucha ya kidole chake cha shahada. Hakulia. Mume alipoingia alimkuta amelalia meza, kidole kimeshonwa kwenye kola ya mteja, mdomo umekauka na maneno hayaeleweki.

*

"Nani alikwambia unenepe?" daktari aliuliza.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na haraka nyingi, lakini swali hilo aliliuliza akiwa amekaa. Fundi alikuwa kitandani siku ya nne, dripu mkononi. Mume alijikunyata kwenye kiti cha wageni kama aliyekamatwa na mali ya watu.

"Mfuko," fundi akajibu. "Walisema kilo tano zimepungua."

"Zimepungua wapi? Mimi niliandika barua. Kanuni yenu ina kifungu: mgonjwa aliyefika thelathini, na sukari imegoma kwa dawa, anapitishwa kwa idhini maalum ya kamati. Barua nilimkabidhi katibu mkononi, miezi minne iliyopita. Hukuambiwa?"

Fundi akamgeukia mumewe. Mume akatikisa kichwa.

"Hatukuambiwa," fundi akasema.

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Mishipa ya jicho la kushoto imevuja damu ndani. Tutajaribu kulitibu. Sitakudanganya, mama, sijui kitakachorudi. La kulia bado tunaweza kulilinda, tukienda haraka."

Kisha alichukua karatasi na kumchorea tumbo. Akaweka nukta tano: moja juu ya kitovu, mbili kulia, moja kushoto, moja chini ya mfupa wa kifua. "Hatupasui tumbo lote siku hizi. Tunaingilia hapa, vitundu vitano. Vikipona vinabaki vikovu vidogo, vigumu kidogo ukivigusa. Na ujue: sukari inaweza kulala miaka mingi, lakini haifi. Utakuja kupima, utameza vitamini, utakula kidogo kidogo."

Fundi aliikunja karatasi ile, akaitia kwenye sidiria. Miezi minne. Barua imelala kwenye droo ya wifi yake miezi minne, na jicho likivuja. Aligeukia ukuta, mume akadhani analala. Hakuwa amelala. Alikuwa akitafuta njia ya kumlipa yule mwanamke, na akaapa hatakufa kabla hajaipata.

*

Njia ilikuja yenyewe, kwa miguu yake, imebeba kitambaa cha hariri rangi ya zambarau.

"Wifi, pole na kuugua," wifi alisema, akajitupa kwenye kochi. "Nisingekusumbua, lakini kiwanda kinanipiga picha kubwa ya kubandika getini. Mlezi wa Afya. Nataka gauni la kukaa mwilini, refu, lifike kwenye vifundo vya miguu. Unaweza, au macho ndiyo basi tena?"

"Mikono bado inafanya kazi, wifi."

"La kushoto huoni kabisa?"

"Kabisa. Na la kulia naona ukungu tu."

Hilo la pili lilikuwa uongo mdogo, na lilimtoka bila kupangwa. Wifi alitulia. Tangu aanze kupungua alikuwa amekataa kupimwa. Alileta nguo za zamani, akasema punguza hapa na hapa, akaondoka. Lakini hariri haishonwi kwa kukisia. Alivua viatu, akavua gauni, akabaki na shimizi. "Nivue na hii ili vipimo viwe sawa," akasema. "Hata hivyo, nani ananiona?" Akacheka.

Fundi alimsimamisha wima ukutani, akampima urefu kwanza kama anavyofanya kwa kila mteja. Mia moja hamsini na nane. Kisha akazungusha utepe kiunoni, na kidole gumba chake kikapita juu ya kitu kidogo kigumu. Akakirudisha. Kipo. Akasogea kulia: kingine, na kingine. Kushoto, kimoja. Akapandisha utepe chini ya mfupa wa kifua, na cha tano kilikuwa pale pale kilipochorwa.

Fundi alikata, akapiga bandi, mshono wa muda, akamvisha gauni, akaanza kulifunga mwilini kwa pini, moja baada ya moja, kutoka kwapani hadi nyonga. Pini ishirini na mbili. Alipomaliza, mwanamke yule hakuweza hata kuvuta pumzi ndefu.

"Wifi," fundi akasema, akiwa bado amepiga magoti, pini mbili zimebaki mdomoni. "Ile semina uliyotuaga kwenda wiki tatu, mwezi ule ulipoanza kupungua. Walikupasua kwa vitundu vitano, siyo?"

"Sikuelewi."

"Unanielewa sana. Moja juu ya kitovu, mbili kulia..."

"Acha upuuzi, nivue hii nguo."

"Itakuchoma. Simama." Na ikamchoma kweli, mbavuni, akaruka. "Ona sasa. Samahani, wifi. Macho."

Fundi aliinuka, akachukua kitabu chake cha vipimo kutoka juu ya kabati. Ni kitabu kinene, kina kila mwanamke wa mtaa ule na kila tarehe. Akakifungua karibu kabisa na jicho la kulia. "Huyu ni wewe, wiki moja kabla ya semina. Urefu mia moja hamsini na nane, leo pia ni huo huo. Uzito uliniambia mwenyewe, ukilia, kwenye kochi hili: themanini na tatu. Nimepiga hesabu yenu ya dirishani. Thelathini na tatu. Sawasawa na mimi. Mimi nilirudishwa. Wewe ulipitaje?"

Wifi alitaka kukaa, pini zikamkataza. Jasho lilianza kumtoka chini ya hariri. "Nilijipunguza," akasema.

"Ulijipunguza nini?"

"Urefu. Kwenye fomu. Niliandika mia moja hamsini na tatu, hesabu ikafika, nikagonga mhuri mwenyewe."

"Sentimita tano!" Fundi alicheka, kicheko kikavu. "Sentimita tano ni pindo la gauni, wifi! Na mimi ukanituma nikanenepe. Ile barua ya daktari je?"

"Ile inapita kwa kamati nzima. Yako ikipita wangeuliza nani mwingine kafanyiwa, wangefungua mafaili. Ningepoteza kazi. Nielewe, wifi yangu. Nilikuwa naogopa sukari kama wewe. Mama yetu alikatwa miguu yote miwili, nilimwogesha mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa dakika moja fundi alimwona mwanamke tu, aliyebanwa na pini, mwenye hofu ile ile. Angeweza kumhurumia. Kisha akafumba jicho la kulia ili amwangalie kwa la kushoto, na hakuona kitu.

"Kesho saa nne asubuhi," akasema, "faili langu liwe mezani kwa mwenyekiti wa kamati, barua ya daktari juu. Ikifika saa tano halipo, nakuja na kitabu hiki."

"Likiwepo, utaninyamazia?"

"Habari za tumbo lako sitazitamka. Naapa."

"Na ndugu yangu asijue."

"Mume wangu nitamwambia. Yeye ndiye alininunulia mikate."

*

Mume aliposikia, alikaa kitandani. Fundi alitarajia aseme maskini dada. Alitarajia aseme tumsamehe, damu yangu. Badala yake aliinuka, akaenda jikoni, akachukua kreti ya soda zilizobaki, akazimwaga moja moja kwenye sinki. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nilikuwa nakulisha sumu kwa mkono wangu," akasema. "Naye kila siku ananiuliza kazini, vipi, anakula?"

"Alikuuliza hivyo?"

"Kila siku. Anacheka."

Fundi alikaa kitako. Alikuwa amedhani hasira yake imefika mwisho wake, kumbe palikuwa na chumba kingine ndani. Aliapa kunyamaza na atanyamaza. Lakini alianza kufikiria ni yapi hasa aliyoapa, na ni yapi hakuyaapia.

Kamati ilipitisha faili kwa kikao kimoja. Mwenyekiti, mzee mmoja mtaratibu aliyesoma kila karatasi kwa kuifuata kidole, alishangaa kifungu hicho kipo na hakijawahi kutumika. Fundi akapasuliwa. Wiki za kwanza alikunywa supu kwa kijiko cha chai na kujuta kuzaliwa. Mwezi wa pili akaacha sindano ya jioni. Mwezi wa tatu daktari akamwambia aache na ya asubuhi, akamkumbusha tena kwamba sukari imelala tu. Jicho la kulia likatulia. La kushoto halikurudi. Sindano ya cherehani akajifunza kuitunga kwa kile kiwaya chembamba cha kuvutia uzi, kitu alichokuwa akikicheka kwa mafundi wazee.

*

Mwisho wa mwezi wa tano, ukumbi wa chakula wa kiwanda ulijaa. Mama Ndimu alikuwa mbele amevaa gauni lake la zambarau, lile lile la kwenye picha ya getini, glasi ya maji ya ndimu mkononi. Mwenyekiti alikuwepo, pamoja na nesi na mizani na sanduku la kadi za wanachama. Tangazo lilisema wenye sukari wote wapimwe upya, maana idhini maalum sasa iko wazi kwa kila anayestahili.

Mama mfagizi aliingia akichechemea. Vidole viwili vya mguu wa kulia vilikuwa vimekatwa mwezi uliopita. Alikuwa ameacha vidonge vyake, akaenda na ndimu, kama alivyofundishwa. Fundi alimpisha kiti, akamwona mguu, akasahau salamu.

Mwenyekiti alimwita fundi aseme machache. Naye alisema machache.

"Mimi sikushinda kitu kwa ndimu. Nilipasuliwa." Akapandisha blauzi mbele ya wanawake mia moja na mzee mmoja aliyegeuza uso haraka. "Vitundu vitano. Njooni mguse. Sukari yangu imelala, jicho moja limekufa kwa kuchelewa. Msiache dawa zenu. Fomu ni dirisha namba tatu."

Wanawake wakajipanga kugusa. Mama mfagizi alipita na kidole, akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Wifi alikuwa ameweka mkoba mbele ya tumbo lake, anatabasamu kwa meno tu. Fundi hakumtazama. Alikuwa ameapa.

"Haya, tupime," mwenyekiti akasema.

"Mzee, ile fimbo ya urefu imevunjika," nesi akajibu.

"Utepe ninao," fundi akasema, maana utepe haumtoki shingoni. Aliubandika ukutani kwa pini, akaunyoosha. "Lakini watu wanaona haya kutangulia. Mwenye sukari wa kwanza kutupa mfano si mlezi wetu? Katibu atangulie."

"Sahihi kabisa," mwenyekiti akasema. Akaanza kupekua sanduku la kadi.

Wifi alitazama mlango. Mlangoni alisimama ndugu yake, msimamizi wa ghala, kofia kichwani, mikono kifuani. Hakumpisha njia na hakuinamisha macho.

"Mimi nilishapimwa," wifi akasema.

"Dakika moja tu, mama," nesi akasema. "Vua viatu."

Makofi yakapigwa. Mama Ndimu! Mama Ndimu! Walimsukuma kwa mapenzi mpaka ukutani. Alivua viatu. Fundi alimsogelea, akaweka rula juu ya kichwa chake, na wifi akamnong'oneza bila kusogeza midomo: "Uliapa."

"Tumbo lako silijui," fundi akanong'ona. "Simama wima."

Mwenyekiti alikuwa ameipata kadi, anaifuata kwa kidole. "Katibu, katibu... huyu hapa. Urefu sentimita mia moja hamsini na tatu. Thibitisha, fundi."

Fundi akasoma utepe kwa jicho lake moja. Ulisema mia moja hamsini na nne. Akasubiri. Ukasema hamsini na tatu na nusu. Wifi alikuwa akishuka taratibu ukutani, uso umenyooka, kidevu juu, jasho linamchuruzika shingoni. Fundi akatazama chini. Gauni lile alilishona yeye, kwa vipimo vya mwanamke aliyesimama peku, pindo lifike kwenye vifundo. Sasa pindo lilikuwa limefunika vidole vyote vya miguu.

"Wifi," akasema, kwa sauti ile ya kuita watu chakulani. "Nyoosha magoti."

"Sijakunja."

"Gauni hili nimelishona mimi. Linafagia sakafu. Nyoosha magoti."

Mama mfagizi akaangalia pindo. Akaangalia vidole vyake visivyokuwepo. Kisha akainama kwa shida, akaushika ukingo wa zambarau kwa vidole viwili, akaupandisha mbele ya watu wote, na magoti ya katibu yakaonekana, yamekunjwa, yanatetemeka.

Hakuna aliyecheka. Wifi alinyooka polepole, maana hakuwa na njia nyingine, na rula ikapanda naye.

"Mia moja hamsini na nane," fundi akasoma.

Mzee alibaki na kidole juu ya kadi. Alipiga kwa midomo hesabu ya uzito wa kwenye kadi kwa urefu huu mpya, mara mbili. Kisha akamwambia nesi aende dirisha namba tatu, alete faili la katibu, lote, na droo yenyewe.

Fundi aliandika namba kwenye kitabu chake, na tarehe. Akafuta rula kwa kitambaa.

"Anayefuata," akasema, akamsaidia mama mfagizi kuvua kiatu.